Ngazi Iliyojengwa kwa Watu

Kila bondia kijana mwenye kipaji ana rekodi, na kila ushindi ulioandikwa kwenye rekodi hiyo una jina la mtu aliyepigwa. Sisi mashabiki tunasoma namba, 12-0, 20-0, tukaisifia ile sifuri kana kwamba ndiyo usafi wenyewe. Leo nataka tulikalie swali la upande wa pili. Hao kumi na wawili, hao ishirini, ni akina nani? Na je, ni haki kumjenga kijana mmoja kwa miili ya wenzake?

Kwa asiyefuatilia masumbwi, kazi hufanyika hivi. Meneja akipata kijana wa maana, haiachii bahati imchagulie wapinzani. Anatafuta mwenyewe. Kwanza pambano la raundi nne na mtu asiye na ngumi nzito. Kisha anayetumia mkono wa kushoto, kijana azoee. Kisha mrefu. Kisha sugu, yule asiyeanguka hata umpige na nini. Raundi zinapanda: sita, nane, kumi. Karibu na kilele analetewa mkongwe ambaye jina lake bado kubwa ila miguu imechoka. Hapo ndipo watu wanaanza kuutaja mkanda wa dunia. Promota ndiye analipa pande zote mbili, na mara nyingi ukumbi mzima unajua nani anatakiwa kushinda. Mtaani tuna msemo wake: kaletewa mtu wa kupigwa.

Rahisi kusema huu ni utapeli, tukamaliza. Lakini fikiria njia nyingine. Kijana wa miaka 18, mwenye mikono ya ajabu na akili ambayo haijaiva, unampandisha ulingoni na mtu aliyekomaa aliyekwishapigana raundi mia mbili. Huo si uadilifu, ni ukatili. Ubongo ukishaumia haupelekwi gereji ukabadilishwa kipuri. Kocha anayempandisha kijana taratibu anamlinda, kama mwalimu anayeanza na herufi kabla ya insha. Kwa hiyo ngazi lazima iwepo. Tatizo ni kwamba vidato vya ngazi hii vinapumua.

Mtazame Mike Tyson. Mzee Cus D'Amato alimchukua akiwa mtoto, akamlea nyumbani kwake Catskill, jimbo la New York. Tyson alianza ngumi za kulipwa Machi 1985, na mwaka huo pekee akapigana mara 15. D'Amato akafa Novemba, kazi haijaisha. Watu 19 wa kwanza wote waliangushwa au kusimamishwa. Kisha, Mei 1986, akaja James Tillis. Tillis alishindwa, ila alishindwa kwa pointi, baada ya raundi zote kumi. Kwa mara ya kwanza kijana yule alilazimika kufikiri, kuvuta pumzi, kumvumilia mtu asiyeondoka. Miezi sita baadaye, akiwa na miaka 20, akamwangusha Trevor Berbick katika raundi ya pili na kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Kwenye rekodi, Tillis ni mstari mmoja tu kati ya mingi. Kwenye malezi ya bondia yule, alikuwa mwalimu.

Immanuel Kant alifundisha kwamba binadamu asitumiwe kamwe kama chombo tu cha lengo la mwingine. Uzito wote uko kwenye hilo neno "tu". Sote tunatumiana: fundi ananitumia nipate riziki yake, nami namtumia nipate viatu vyangu. Kinachotenganisha matumizi na unyama ni kama yule mwingine bado ana nafasi yake mwenyewe ndani ya jambo lile.

Peter Buckley wa Birmingham, Uingereza, alipigana mapambano 300 ya kulipwa. Alishindwa 256. Asiyejua ngumi atacheka. Anayejua atavua kofia. Buckley alikabidhiwa vijana waliokuwa wakipikwa, akiwemo Naseem Hamed kabla hajawa bingwa wa dunia, na kazi yake ilikuwa kuwaonyesha ulingo ni nini: namna ya kukumbatia, ya kuegemea kamba, ya kupoteza raundi bila kupoteza kichwa. Alijua anachouza, na alikuwa bwana wa kazi yake. Huyo hakutumiwa kama chombo tu.

Lakini si kila anayeletwa ni Buckley. Wapo wanaopigiwa simu siku chache kabla, bila kambi, bila mazoezi ya maana, nyumbani hakuna kitu. Jack London alimwandika mtu wa namna hiyo mwaka 1909, katika hadithi yake "A Piece of Steak". Tom King, bondia mzee wa Sydney, anakwenda kupigana na kijana anayepanda, huku tumboni hana kipande cha nyama ambacho kingempa nguvu ya ngumi moja ya mwisho. Kinachochoma zaidi ya njaa ni kumbukumbu: ujanani mwake yeye naye aliwapanda wazee, akamwona mmoja akilia chumbani baada ya pambano, asimwelewe. Usiku huu anamwelewa. Kidato cha leo ni kijana wa jana.

Hapa kwetu tuna upande wa furaha wa hadithi hiyo. Septemba 2018, Hassan Mwakinyo wa Tanga alikwenda Birmingham kupambana na Sam Eggington, mbele ya mashabiki wa mwenyeji. Hesabu za wenyeji zilimwona Mtanzania kama mgeni wa kupita. Raundi ya pili, mwamuzi akasimamisha pambano, mgeni kashinda. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Ila furaha ile ina deni. Bondia wetu akishapanda, sisi tunamletea nani Dar es Salaam? Tukimletea mtu aliyechoka na mwenye njaa, tukashangilia KO ya raundi ya kwanza, tumejifunza nini kutoka Birmingham?

Kwangu mimi kipimo ni hiki: yule aliyeletwa, anaruhusiwa kushinda? Ameambiwa ukweli juu ya mtu anayekutana naye? Amepewa muda wa kujiandaa? Daktari amempima yeye pia, au kijana tu? Na akiwa mbele kwa pointi, majaji wataandika walichokiona? Jibu likiwa ndiyo, basi ni mpinzani, hata kama uwezekano wake ni mdogo kama sindano. Likiwa hapana, ni gunia la mazoezi lenye watoto nyumbani.

Na kijana mwenyewe ndiye wa kwanza kudanganywa. Rekodi ya uongo ni mkopo unaochukuliwa kwa jina lake bila yeye kujua. Utadaiwa siku ya mkanda, na mdai atakuwa mtu ambaye hakuna aliyemchagua kwa sababu ni dhaifu. Siku hiyo promota atakuwa kwenye kiti cha mbele. Kichwa kitakachopokea ngumi ni cha kijana.