Alama za Buti Shambani

Mei 2024, gavana wa Mombasa Abdulswamad Nassir alipopiga marufuku muguka, aina ya miraa inayokuzwa Embu, na kaunti za Kilifi na Taita Taveta zikafuata, kijana mmoja wa Mbeere aliyekuwa chuo kikuu alisimama kwenye mdahalo wa wanafunzi akawashinda wote. Somo la mantiki alikuwa amelipita vizuri. Hata kama kila mhalifu anayekamatwa Pwani anatafuna muguka, alisema, hilo halimfanyi kila mtafunaji kuwa mhalifu. Tena akawageukia wenzake wa Embu: muguka kuwalipia karo si ushahidi kwamba haumdhuru mtu. Hapo alisema kweli pande zote mbili, na si wengi walioweza mwezi ule, hata baada ya Mahakama Kuu ya Embu kusimamisha marufuku.

Likizo ikamkuta kwao, upande wa Kiritiri. Asubuhi moja babake alikuta mistari kadhaa ya muguka imechumwa yote, na alama za mabuti ya mpira zimetapakaa kwenye udongo. Mamake alikuwa Runyenjes matangani. Kijana akainama, akazikagua zile alama.

"Baba, kama ni kibarua wetu aliyechuma, lazima tungekuta alama za buti zake. Alama si hizi? Na soli ni ile ile. Basi ni yeye."

Baba aliishia darasa la saba. Alimwamini mwanawe kwa sababu ya kile kisomo chenyewe, na hapo ndipo hadithi hii inaponiuma. Kibarua alijitetea, "Mzee, miaka yote hii nikuibie leo?" Lakini majirani walishaanza kukusanyika, mmoja na panga. Kibarua akatoroka bila mshahara wa mwezi.

Kosa lile Aristotle alilijadili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Mvua ikinyesha barabara hulowa. Lakini ukiikuta imelowa usiape kuwa mvua imenyesha, huenda ni lori la maji lililopita. Buti za namna ile ziko katika kila duka la Kiritiri. Kijana angeulizwa swali hilo kwenye mtihani angelijibu mara moja, kwa kuwa mtihani humletea mwanafunzi hoja za watu wengine, naye ametulia. Hoja hii ilikuwa yake, na alikuwa na hasira. Na chini ya hoja hiyo kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelipima hata kidogo: kwamba kuna wizi.

Mama aliporudi alishangaa. "Niliuza mimi. Nilihitaji pesa za matanga, nikamwambia broka aje na wachumaji wake alfajiri." Akawaonyesha ujumbe wa M-Pesa. "Simu ninayo. Mbona hamkunipigia?"

Baba alimtuma kijana yule yule amtafute kibarua, ampelekee haki yake. Alimkuta Mwea, magoti yamezama topeni, akipanda mpunga wa watu. Kibarua alinawa mikono, akahesabu noti, akazitia mfukoni.

"Huko chuoni," akamuuliza, "hamkufundishwa kumuuliza mtu kwanza?"

Kijana akamwomba msamaha, akamsihi arudi. Alikataa. Kule kijijini, alisema, wanawe walikuwa wameshaanza kuitwa watoto wa mwizi, na aliyewapa jina hilo alikuwa msomi, nani angeliondoa?