Yusufu Hakulifuta Shimo

Soma Mwanzo 37:23–28, 45:1–8.

Neville Goddard (1905–1972), mzaliwa wa Barbados aliyefundisha Marekani, aliwashauri watu kuyatengeneza upya yaliyopita: kila usiku mtu awaze tukio lililomwumiza kama alivyotamani liwe, mpaka alione kuwa la kweli. Leo wengi hujirudia maneno ya namna hiyo: “Nilipendwa, sikuumizwa.” Wasichekwe; aliyejeruhiwa hutafuta pumziko.

Hata Yusufu alimwita mzaliwa wake wa kwanza Manase, akisema Mungu amemsahaulisha taabu zake (Mwanzo 41:51). Lakini ndugu zake walipofika alilia, kisha akawaambia wazi kwamba walimwuza. Hakulifuta shimo wala vile vipande 20 vya fedha. Kama angejiambia kwamba hakuuzwa, angewasamehe kosa gani? Mungu hakubadilisha yaliyotendeka. Aliyatumia kuokoa maisha ya wengi. Kusahau kwa Yusufu kulikuwa kupona kwa jeraha, si kulikana.

Tafakari: Ni jambo gani unatamani lisingalitokea? Mweleze Mungu jinsi lilivyokuwa hasa.

Jadilini: Je, mtu anaweza kumsamehe aliyemwumiza huku akikana kwamba aliumizwa?