Mtungi wa Inka na Swali la Mtoaji

Mtu akikualika karamuni, nawe wajua kwamba mahindi yaliyotiwa katika pombe umeyalima wewe, mtungi umeufinyanga wewe, na aliyeipika pombe yenyewe ni binti aliyechukuliwa nyumbani kwako, je, mtu huyo amekukirimu? Au amekurudishia sehemu ndogo ya jasho lako, kisha akangoja shukrani? Swali hili hujadiliwa mara nyingi kwa maneno matupu. Sisi twapendelea kulitazama tukiwa na chombo mbele ya macho, nacho ni mtungi wa Wainka.

Wainka walitawala milima ya Andes, Amerika ya Kusini, mpaka Wahispania walipomkamata mfalme wao Atahualpa mjini Cajamarca mwezi wa Novemba 1532. Katika muda wa karne moja hivi dola yao, iliyoitwa Tawantinsuyu, yaani sehemu nne zilizoungana, ilikuwa imeenea kutoka kusini ya Colombia ya leo hadi katikati ya Chile. Na kila dola ilipofika, mtungi wa namna moja ulifika nayo. Kwa Kikechua huitwa urpu. Kitako chake kimechongoka, tumbo ni pana, shingo ni ndefu na mdomo umefunguka kama tarumbeta. Masikio yake mawili yamewekwa chini ya tumbo, si juu, na begani pana kinundu chenye sura ya kichwa cha mnyama. Kamba ilipitishwa katika masikio na kuzungushwa juu ya kinundu hicho, mchukuzi akaubeba mtungi mgongoni. Akifika alikizamisha kitako ardhini kidogo, na mwenye kumimina aliuinamisha tu, asihitaji kuunyanyua. Mingine haifiki urefu wa shubiri, mingine yapita mita moja. Na yote ilifinyangwa bila gurudumu la mfinyanzi, maana chombo hicho hakikujulikana Amerika kabla ya kuja Wazungu. (Wataalamu wa Ulaya waliuita aribalo, jina la kichupa cha mafuta cha Wayunani. Ni sawasawa na kuliita pipa kibuyu, lakini jina limekwisha kushika.)

Yafaa tuziangalie nakshi. Twaona minyororo ya maumbo ya almasi, pembetatu zilizopangwa safu, na matawi membamba mfano wa majani ya kangaga. Sura za watu ni nadra. Sasa linganisha na kazi ya Wamoche, walioishi pwani ya kaskazini ya Peru karne nyingi kabla ya Wainka. Hao walifinyanga vyombo vyenye vichwa vya watu, kila mmoja na uso wake. Mtu mmoja mwenye kovu mdomoni alifinyangwa tena na tena, tangu ujana wake hadi utu uzima. Ukikitazama chombo cha Moche, wauliza, “Nani huyu?” Ukiutazama urpu, huulizi. Wajua kwamba mbele yako ipo serikali.

Serikali hiyo haikutoza kodi ya mali, ilitoza kazi. Watu walilima mashamba ya mfalme, wakajenga barabara na madaraja, wakapigana vita, kila jamaa kwa wakati wake. Wenyewe waliita kazi hiyo mit'a, na maana ya neno hilo ni zamu tu. Desturi ya kale ya vijijini ilisema kwamba mwenye kuitisha kazi hana budi kuwalisha na kuwanywesha waliokuja. Mfalme naye aliifuata, ila kwa kipimo cha kifalme. Huánuco Pampa, mji wa serikali katika nyanda za juu za Peru, palikuwa na maghala yapatayo 500 kilimani. Mwanaakiolojia Craig Morris alipochimba pale katika miaka ya 1970, alikuta kando ya uwanja mkubwa vigae visivyo na idadi vya mitungi ya pombe na sahani za kuandalia. Mji ule ulikuwa, kwa sehemu kubwa, jiko na ukumbi wa karamu. Pombe ya kimea cha mahindi ilipikwa na aqllakuna, wanawake waliochaguliwa tangu utotoni, wakaondolewa kwao na kukaa chini ya ulinzi wa dola.

Hapo ndipo tunapoyasikia mashtaka. Shamba lilikuwa la mfalme kwa sababu yeye alitangaza kwamba ni lake. Mikono yote ilikuwa ya watu. Hata wafinyanzi walihamishwa: wengine wa pwani walipelekwa Cajamarca milimani, wafinyange huko kwa ajili ya dola. Kazi ya mtungi wenye umbo moja na nakshi moja ilikuwa kufuta nyayo za wote hao, ili mnywaji amwone mtoaji mmoja peke yake. Kiswahili humpa mgeni siku mbili kabla ya kumpa jembe. Mfalme wa Inka alitoa mtungi na jembe kwa wakati mmoja.

Mashtaka haya twayakubali kwa sehemu, lakini si yote. Kwanza, nyayo hazikufutika kabisa. Wachimú wa pwani ya kaskazini, waliotekwa kiasi cha mwaka 1470, walikuwa mabingwa wa vyombo vyeusi. Walivitoa katika kalibu, kisha wakavichoma kwa moshi mwingi na hewa kidogo mpaka vikawa na weusi wa kung'aa. Walipoamriwa umbo la urpu walilifuata, kitako, shingo, kinundu na vyote. Lakini wakautoa mweusi, kwa mkono wao na moto wao. Kuuita uasi ni kutia chumvi. Hata hivyo, yeyote aliyeuona alijua umetoka kwa nani.

Pili, na hili kwetu ndilo zito zaidi, karamu ilimfunga mwenyeji vilevile. Katika Andes hapakuwa na kunywa peke yako. Vikombe vilitengenezwa viwili viwili. Mwenyeji alishika kimoja, akampa mgeni cha pili, wakanywa pamoja. Ushahidi wa nguvu ya desturi hii ulionekana baada ya dola kuanguka. Mwaka 1566 jaji Mhispania Gregorio González de Cuenca, akikagua pwani ya kaskazini, aliwapiga marufuku machifu wasiwanyweshe watu wao pombe. Machifu walimwendea kulalamika: watu huwatii kwa sababu ya kinywaji wanachopewa, na bila hicho hakuna atakayekwenda shambani. Jaji aliona ulevi. Machifu waliona deni, na walisema wazi kwamba wadeni ni wao.

Basi jibu letu ni kwamba mfalme hakutoa mahindi wala udongo, maana hivyo havikuwa vyake kwa haki. Alichotoa ni kukiri, mbele ya watu na kwa kikombe mkononi, kwamba kazi yao haikuwa bure. Ni kitu kidogo, tena kilichopambwa kupita kiasi. Lakini ukitaka kukipima, tazama kilichofuata. Katika miaka ya 1570 Francisco de Toledo, aliyetawala Peru kwa niaba ya mfalme wa Hispania, aliamuru kwamba sehemu moja ya saba ya wanaume wa wilaya nyingi za nyanda za juu iende kila mwaka kuchimba fedha Potosí. Walilipwa ujira mdogo, na karamu ya mwenyeji haikuwapo. Neno la Kikechua hakulibadilisha. Kazi hiyo iliitwa mita, yaani zamu, hadi ilipofutwa kwa sheria mwaka 1812.