Askari Mlangoni pa Wafiwa

Kifo cha barabarani kina ukatili wa namna yake. Mgonjwa huaga kidogo kidogo, na jamaa zake hupata siku za kuizoeza mioyo yao. Lakini aliyegongwa na gari alitoka nyumbani asubuhi mzima wa afya. Tena kifo hicho si msiba peke yake. Ni jambo la sheria pia, maana yamkini mtu ametenda kosa. Kwa hiyo mlango wa wafiwa hubishwa na watu wa namna mbili: jirani aliyekuja kulia, na askari polisi aliyekuja kwa amri ya serikali. Wajibu wa jirani haujapata kutiliwa shaka. Wajibu wa askari ndio wenye swali: je, kuwafariji wafiwa ni sehemu ya kazi yake, ama ni hisani awezayo kuitoa au kuizuia apendavyo?

Songea haikosi sababu ya kuliuliza swali hili. Mwaka 2023 lori lililobeba watu wa mnadani lilitumbukia mtoni wilayani humo, na watu 13 wakafa. Katika msiba watu wa huko hawahitaji kufundishwa la kufanya. Majirani huleta unga na kuni. Wanaume huchimba kaburi. Wanawake hulala chini pamoja na mfiwa mpaka matanga yaanuliwe. Askari, hata angekuwa mpole kama mama, hawezi kushindana na kijiji kizima katika kulia, wala haimpasi kushindana. Lakini kuna kitu kimoja ambacho kijiji hicho, kwa wema wake wote, hakinacho cha kutoa. Kitu hicho ni habari ya kweli.

Askari ndiye aliyepima njia, akachora ramani ya ajali, akaandika maneno ya mashahidi. Ndiye ajuaye kama gari limekaguliwa, kama dereva amekamatwa, na lini kesi itatajwa mahakamani. Ndiye mwenye namba ya gari na jina la kampuni iliyolikatia bima. Sheria ya Tanzania hulazimisha kila gari liwe na bima ya madhara yawapatayo watu wengine. Walakini mjane asiyejua gari lile lilikatiwa bima wapi ana haki mfano wa kisima kisicho na kamba. Basi askari anyamazapo hakosi adabu tu, huzuia haki. Na nafasi aliyoiacha tupu hujazwa na uvumi, na siku hizi na simu, ambazo huweza kumfikishia mama picha ya maiti ya mwanawe kabla hajafika mtu wa kumwambia pole.

Wapo watakaopinga kwamba askari ni mpelelezi. Akiketi mkekani pa wafiwa na kulia nao, nani atamtendea haki dereva anayeshukiwa? Na itakuwaje ikidhihirika kwamba marehemu mwenyewe ndiye aliyesababisha ajali? Pingamizi hili ni zito, lakini linachanganya huruma na hukumu. Askari anayemwambia mjane, "Mumeo hakuwa na kosa," kabla upelelezi haujaisha, amekwisha kuhukumu. Na huruma ya namna hiyo ni deni ambalo mjane ndiye atakayelilipa siku ya kesi. Askari anayemwambia, "Haya ndiyo tunayoyajua, haya bado hatuyajui, nami nitarudi Ijumaa," hakumhukumu mtu. Na Ijumaa akirudi kweli, amefariji.

Uingereza ilijifunza jambo hili kwa aibu. Ripoti ya mwaka 1999 juu ya mauaji ya kijana Stephen Lawrence iliwalaumu polisi wa London kwa jinsi walivyowatendea wazazi wake. Leo polisi wa nchi hiyo huteua askari wa kuwasiliana na familia, hata katika vifo vya barabarani. Naye hubaki mpelelezi, wala upole haumwondolei cheo hicho.

Lakini hapana haja ya kwenda mbali, maana Songea yenyewe ni shahidi. Mwaka 1906, wakati wa Vita vya Majimaji, Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Kingoni mjini humo na kuwazika wengi wao katika kaburi moja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, alinyongwa pia, na jamaa zake huamini kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea akaomba msamaha. Akasema fuvu litatafutwa, ila hakuweza kuahidi kwamba litapatikana. Kunyongwa na kugongwa si jambo moja, wala dola ya kikoloni si polisi wa leo. Kinachofanana ni haja ya wafiwa. Zaidi ya miaka mia moja haikulizima swali ambalo mwenye mamlaka hakulijibu.

Huenda ikasemwa kwamba askari ni wachache na vijiji vya Ruvuma viko mbali. Uchache hupunguza safari, haupunguzi wajibu. Pasipofikika upesi kwa gari, mwenyekiti wa kijiji aweza kupewa neno alipeleke kwa mfiwa akiwa ameketi na watu wake. Hisani humwachia mtoaji uhuru wa kukataa. Habari za kifo si mali ya askari hata azitoe kama sadaka; ni mali ya wafiwa iliyowekwa mikononi mwake, na amana hurudishwa kwa mwenyewe.