Elfu Sitini za Kung'aa

Mwezi wa tatu mdogo wangu aliniomba shilingi elfu sitini, nami nikamnyima. Nilikuwa nazo. Nilishawahi kumpa zaidi ya hizo bila kuuliza za nini. Safari hii aliniambia mwenyewe: anataka kuiwekea pikipiki yake kromu. Saiti mira mbili, kava la ekzosi, duara la taa ya mbele, usukani. Pikipiki yenyewe ilikuwa nzima, breki zinashika, matairi bado yana meno.

"Hiyo ni hela ya kung'aa tu," nikamwambia. "Na mama anadaiwa dukani."

"Sawa, dada," akasema, akakata simu.

Siku hizo kwenye semina tulikuwa tunamsoma Adolf Loos, msanifu majengo wa Vienna, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 aliandika kwamba mapambo yanakaribiana na uhalifu. Hoja yake si ya kijinga. Nakshi inakula saa za fundi ambazo hazilipwi inavyostahili, halafu mtindo ukipita, kitu ambacho bado kizima kinatupwa. Nilimkubali sana. Ukurasa anapowataja watu wa Papua na chale zao kama watoto ambao bado hawajakua niliupita haraka, kama unavyompita mtu unayemdai aibu. Sikujiuliza kwa nini yeye mwenyewe, alipojenga pale Michaelerplatz, alivisha ukuta wa chini marumaru ya bei kali. Wepesi wa kutopamba una gharama zake, na wenye kuzimudu huwa hawaziiti mapambo. Harley-Davidson walipotoa Iron 883 mwaka 2009, karibu kila kitu kilikuwa cheusi, na weusi huo ndio uliokuwa mvuto wake.

Weusi wa pikipiki ya mdogo wangu una historia nyingine. Aliichukua kwa mkataba Morogoro: kila siku anapeleka hesabu kwa tajiri, ukiisha muda pikipiki inakuwa yake. Tajiri alikuwa na pikipiki kadhaa, na zote alizipuliza rangi nyeusi kuanzia madigadi hadi injini, ili azitambue kwa mbali. Stika hairuhusiwi, utepe hauruhusiwi, hata kitambaa cha kiti kisibadilishwe. Kijiweni wenzake waliwaita "misiba." Alipomaliza mkataba, kadi ikaandikwa jina lake, lakini chombo kilibaki na sura ya tajiri. Abiria wa zamani waliendelea kumuuliza, "Bosi wako hajambo?"

Haya yote niliyajua. Nilikuwa nasikia kila wiki kwenye simu. Hata hivyo, aliposema kromu, mimi nilisikia ubishoo.

Kuna kanga ya mama imeandikwa "Umaridadi huficha umaskini." Tangu utotoni niliisoma kama kejeli: unajificha, lakini tunakuona. Siku hizi naona inaweza kusomwa kama ushauri, tena wa mtu aliyepitia. Sijui mama aliinunua akiwa na maana ipi, na nikimuuliza atacheka. Ninachojua ni kwamba anayeamua kuisoma kama kejeli mara nyingi ni yule asiye na cha kuficha. Mimi nina koti nililonunua kwa ajili ya kuwasilisha pendekezo la utafiti. Lilizidi elfu sitini, na hakuna aliyeniuliza kama mama anadaiwa.

Kwa kuwa sikumpa, alifanya mwenyewe. Aligundua, pale rangi ilipobanduka kwenye usukani, kwamba chini kuna kromu ya kiwandani. Rangi haishiki vizuri juu ya kromu laini, na tajiri hakuwa na muda wa kuiandaa. Basi jioni moja akachukua msasa akakwangua usukani, kava na duara la taa. Akanitumia picha: chombo cheusi na mistari mitatu ya mwanga. Ilipendeza, nakiri.

Tatizo ni msasa. Kromu ya mapambo ni utando ambao unene wake haufiki sehemu moja ya elfu ya milimita. Chini yake kuna nikeli, na nikeli ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kulinda chuma. Fundi angetumia dawa ya kuyeyusha rangi na kitambaa. Msasa ulipita kromu, ukapita nikeli, na masika yakaingia. Kufikia mwezi wa tano usukani ulikuwa na madoadoa ya kutu karibu na mkono wa kulia.

Baadaye nilisoma kwamba kemikali ya kromu inayotumika viwandani huwasababishia mafundi wake saratani ya mapafu. Hiyo ingekuwa sababu ya heshima ya kumkatalia kromu mpya. Lakini sikuwa nayo siku ile, na siwezi kuirudisha nyuma ikanitetee.

Nilimtumia elfu sitini mwezi wa sita, bila kusema za nini. Usiku wake alirudisha elfu arobaini na tano. Akaandika kwamba usukani anaupaka oili kila asubuhi, hauna shida, na amenunua saiti mira moja tu, ya kulia. Ya kushoto bado inaonyesha vizuri. Zilizorudi, akasema, nimpelekee mama akalipe dukani.