Kiinimacho cha Mwanafunzi

Waswahili wana neno kiinimacho, na neno hilo halina ukali wa neno uongo. Mfanya kiinimacho hutoa yai mdomoni mwa mtoto, watu wakacheka, wala hapana anayekwenda kumshitaki kwa kadhi. Msimulizi naye ana ruhusa ya namna hiyo: akisema "Paukwa!" na hadhira ikajibu "Pakawa!", mkataba umefungwa, na sungura anaweza kunena apendavyo. Lakini yuko mtu wa tatu ambaye hali yake haijatazamwa sana, naye ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayetafiti na kujaribu viinimacho vya sinema. Yeye hana hadhira bado, wala hajasema paukwa. Anajaribu tu. Je, jaribio hilo lina dhima yoyote, au dhima huanza siku picha inapotoka nje ya maabara?

Mwaka 1972 Ed Catmull, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Utah nchini Marekani, aliutia mkono wake wa kushoto katika jasi ili apate kielelezo chake. (Alisahau kujipaka mafuta kwanza, na jasi ilipobanduliwa iliondoka na vinyweleo.) Juu ya kielelezo alichora pembetatu na poligoni zipatazo 350, akapima mahali pa kila ncha, akaviingiza vipimo hivyo katika kompyuta. Kazi hiyo, aliyoifanya pamoja na mwanafunzi mwenzake Fred Parke, ilizaa filamu fupi ambamo mkono usio na nyama wala damu unakunja vidole, na jicho la mtazamaji likapenya hadi ndani yake. Mwaka 1976 mkono huo ulitumiwa katika sinema ya Futureworld.

Ni rahisi kudhani kwamba anayejifunza kuyahadaa macho anajizoeza udanganyifu. Kwa hakika, ili ajue kama mkono wa bandia umefaulu, sharti autazame mkono wa kweli kwa makini kuliko wanavyoutazama watu wengine: ngozi hujikunja wapi, kivuli huangukaje, gumba huzunguka kwa namna gani. Aliye mvivu mbele ya ukweli hukamatwa upesi, kwani jicho la mtu wa kawaida, hata lisipojua kosa liko wapi, hujua kuwa lipo.

Bidii ya namna hiyo ilionekana tena Berkeley. Paul Debevec alikamilisha tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha California mwaka 1996, akieleza jinsi jengo zima linavyoweza kusimamishwa ndani ya kompyuta kutokana na picha chache za kawaida, kisha likavikwa picha hizohizo mithili ya kanzu. Mwaka 1997 yeye na kundi la wanafunzi waliijaribu mbinu hiyo kwa mnara wa chuo. Baadhi ya picha zilipigwa chini, na nyingine zilipigwa na kamera iliyopandishwa angani kwa tiara. Katika filamu yao mtazamaji huruka kuuzunguka mnara, ilhali hapana chombo kilichoruka. Mmoja wa wanafunzi hao, George Borshukov, aliichukua mbinu hiyo hadi kwenye sinema ya The Matrix ya mwaka 1999, na majengo yanayoonekana nyuma ya mtu anayekwepa risasi yametokana nayo.

Aghlabu mjadala huu humalizwa kwa mfano wa mhunzi: afuaye kisu si mwuaji. Mfano huo ni mwepesi mno. Kisu chaweza kukaa jikoni miaka na miaka, kikawa kisu kizuri, bila ya kumshinda mtu yeyote. Kiinimacho hakihesabiwi kuwa kimefaulu ila jicho la mtu limeshindwa. Kumshinda mtazamaji ndiko kunakokipima tangu siku ya kwanza maabarani, kwa hiyo mwanafunzi hawezi kudai kwamba matumizi hayo yalimjia ghafla.

Mwaka 2014 Ian Goodfellow, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Montreal, alieleza pamoja na wenzake mbinu ya kuzishindanisha programu mbili: moja hubuni picha, ya pili hukisia kama picha ni ya kweli au ya kubuniwa, na kila moja humfunza mwenziwe. Kazi ya kulinganisha bandia na asili, ambayo Catmull aliifanya kwa jicho lake, ikakabidhiwa mashine. Mwishoni mwa 2017, kwa programu nyingine za kujifunza kwa mashine, nyuso za wanawake mashuhuri zikaanza kubandikwa kwenye filamu za ngono bila ya idhini yao. Hapo paukwa haikusemwa, na aliyeumizwa hakuwa mtazamaji peke yake.

Ukiutazama tena mkono wa 1972, inaonekana kuwa Catmull alijaribu kwa mwili wake mwenyewe, na filamu yake haikuficha kielelezo wala mistari iliyochorwa juu yake. Wanafunzi wa Berkeley nao walichagua kitu kinachoweza kuendewa na kukaguliwa. Mwenye kuishuku picha yao anaweza kusafiri mpaka chuoni. Mnara upo, una urefu wa mita 94 hivi. Mwanamke aliyebandikwa uso wake hana mahali pa kumpeleka mwenye shaka.