Kuzoea Si Kuridhia

Kila mahindi yanapoanza kubeba, mama yangu huacha kulala usiku. Shamba lake liko chini ya kilima cha Sagalla, kaunti ya Taita Taveta, si mbali na mbuga ya Tsavo Mashariki. Hupanda dungu jioni akiwa na tochi, debe bovu na kijiti cha kulipigia, akasikiliza. Tulipokuwa watoto tulikesha naye kwa zamu. Siku hizi sisi tuko Nairobi, naye anakesha peke yake, akalala kidogo mchana jua likiwa kali.

Msimu uliopita nilimpigia simu saa nne asubuhi nikamwamsha. Nilijuta, na katika kumtuliza nikamsimulia jambo nililokuwa nimesoma: kwamba ndovu hawakuwa watu wa usiku hivyo. Wamejifunza kutembea usiku kwa sababu mchana tunawasumbua. "Wamezoea, mama," nikasema, kama mtu anayetoa habari njema.

Akanyamaza kidogo. "Na mimi je? Mimi pia nimezoea?"

Sikuwa na jibu. Haya ninayoandika ni jaribio la kumjibu.

Habari yenyewe ni hii. Mtafiti Mkenya Festus Ihwagi na wenzake walifuatilia ndovu 60 wa Laikipia na Samburu, waliovishwa kola za kuonyesha walipo, kati ya 2002 na 2012. Waligundua kwamba ujangili ulipozidi, ndovu walizidisha mwendo wa usiku na kupunguza wa mchana. Usisome hilo upesi. Usiku ni wakati wa simba na fisi. Ndovu mwenye ndama akitembea gizani, anamkimbia binadamu kwa kumsogelea simba. Amepiga hesabu, na katika hesabu hiyo sisi ndio tumeonekana wabaya zaidi.

Na si ndovu peke yao. Mwaka 2018 Kaitlyn Gaynor na wenzake walikusanya tafiti 76 kuhusu aina 62 za mamalia kutoka mabara sita. Mambo yalikuwa yale yale: penye binadamu, wanyama huhamia usiku. Tena haikujalisha sana kama binadamu huyo ni mwindaji au ni mtu anayejipitia tu na mkoba mgongoni.

Huko Amboseli nako, watafiti Karen McComb na Graeme Shannon waliwachezea ndovu sauti za watu kwa vipaza sauti, wakachapisha matokeo yao 2014. Ndovu wakisikia sauti ya mwanamume Mmaasai walijikusanya, wakanusa hewa, wakaondoka. Wakisikia mwanamume Mkamba, au wanawake na wavulana wa Kimaasai, hofu ilipungua. Wenye mikuki katika ugomvi wa maji na malisho ni wanaume wa Kimaasai, na ndovu wanajua. Wametusoma lugha, jinsia na umri.

Ukisikia hayo unasema: ajabu iliyoje! Hawa wana akili. Nami nilisema hivyo hivyo, na ni kweli wana akili. Lakini sifa hizo zina mtego ndani yake. Tukishamsifu aliyezoea, hatuulizi tena ni nani aliyemlazimisha kuzoea.

Mtego huu naujua kutoka nyumbani kwangu. Mtaani ninakoishi maji huja mara mbili kwa wiki. Nimenunua mitungi, nimejifunza kuoga kwa ndoo nusu na kuoshea choo maji ya kufulia. Mwaka huu nilimuuliza mwenye nyumba kuhusu maji, akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani hamjazoea?" Hakuwa anatania. Kwake yeye, kule kuhangaika kwangu kimyakimya kulikuwa sawa na kutia sahihi. Aliona mitungi yangu imepangwa vizuri akadhani nimekubali.

Hapo ndipo ninapoliona kosa. Kuzoea ni kufanya uwezalo ili usife. Kuridhia ni kuulizwa na kusema ndiyo. Ndovu anayetembea usiku amefanya la kwanza, nasi tunamhesabia la pili.

Najua kuna atakayeniambia: wee, wanyama wamekuwa wakijirekebisha tangu dunia iumbwe. Mito imehama, misitu imegeuka jangwa, nao wakafuata. Ni kweli, lakini tofauti iko katika kasi. Ndovu jike hubeba mimba karibu miezi 22, na ndama hufundishwa na mama na nyanya zake, miaka na miaka, maji yako wapi na njia ipi ni salama. Elimu hiyo huenda polepole. Reli ya SGR iliyokatiza Tsavo ilijengwa kwa miaka michache, treni za abiria zikaanza 2017. Ndama aliyetungwa mimba ujenzi ulipoanza alikuwa bado ananyonya treni zilipoanza kupita. Nyanya yake angemfundisha nini, na njia anayoijua yeye sasa ina tuta la udongo juu yake?

Halafu kuna wanaozoea vizuri kupita kiasi. Kunguru wa Bara Hindi aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, akaenea pwani yote, akaishi kwa takataka zetu. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuwaua kunguru milioni moja. Simtetei kunguru, anamaliza makinda ya ndege wengine na vifaranga vya watu. Naona tu kwamba mnyama hana pa kushinda. Akishindwa kuzoea tunamlilia, akizoea kiasi tunamsifu, akizoea sana tunamtilia sumu. Hata ndovu aliyejifunza kwamba mahindi ya mama huliwa saa nane za usiku ana akili ile ile niliyoisifu kwenye simu. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa mbali na shamba.

Kwa hiyo adui wa ndovu ni mama yangu? Sioni hivyo. Aliyenunua pembe hayuko juu ya dungu. Aliyechora ramani ya reli hayuko pale. Katika ukame wa 2022, ndovu 205 walikufa nchini katika muda wa miezi tisa, kwa hesabu iliyotangazwa na serikali, na joto la dunia lililouzidisha ukame ule halikutoka kwenye mafiga ya Sagalla. Mama na ndovu wamesukumwa kutoka pande mbili wakakutana gizani, kila mmoja akimwogopa mwenzake, huku waliowasukuma wamelala.

Naamini basi kwamba wajibu wa kujirekebisha unapaswa kumwangukia kwanza mwenye nafasi ya kujirekebisha. Sisi tunayo. Mwaka 2011 palifunguliwa njia ya ndovu chini ya barabara kuu ya Nanyuki na Meru, ili watoke msitu wa Mlima Kenya kwenda Lewa bila kukutana na magari. Wanaitumia. Chini ya SGR nako viliachwa vivuko, na ndovu hupita. Safari hiyo sisi ndio tulioinuka tukawapisha, angalau kidogo.

Na pale pale Sagalla kuna uzio wa mizinga ya nyuki, uliobuniwa na mtafiti Lucy King. Mizinga huning'inizwa kuzunguka shamba, ikaunganishwa kwa waya. Ndovu akiugusa, yote hutikisika na nyuki wakatoka. Utafiti wa miaka tisa uliochapishwa 2024 ulionyesha kwamba katika misimu ya mavuno, uzio huo uliwarudisha hadi asilimia 86 ya ndovu waliousogelea. Si dawa ya kila kitu. Ukame ukija nyuki hupungua, na uzio usio na nyuki ni waya tu. Ninachoupendea ni kwamba hofu ya nyuki ndovu alikuwa nayo kabla yetu. Hatukumfundisha woga mpya. Sisi ndio tulioketi tukajifunza tabia yake. Jirani wa mama anayo mizinga hiyo, na asali anauza. Ya mama tunachanga sisi watoto, na tumechelewa. Hilo nalo ni letu, si la ndovu.

Juzi nilimpigia tena, safari hii saa nne usiku, nikijua yuko juu ya dungu. Nikamwambia, "Mama, lile swali lako. Ndiyo, umezoea. Lakini hukuulizwa. Wala ndovu hawakuulizwa."

Akacheka kidogo. "Sasa hayo waambie wenyewe waliotakiwa kuuliza." Kisha akashusha sauti. "Ngoja, nasikia matawi." Akakata simu. Nami nikabaki macho, Nairobi, nikisubiri apige.